Sikio la mtoto lasikia dawa, wasiosikia ni sisi

Viazi tunavyokula Mombasa, viwe vya karai au vya bhajia, havikui Pwani. Hushuka kwa malori kutoka nyanda za juu hadi soko la Kongowea, na baadhi yake huchimbwa Kieni, Kaunti ya Nyeri, kwenye mashamba yaliyo kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mume wa mpwa wangu ni mmoja wa wanaonunua viazi huko na kuvileta huku. Ndiyo sababu Julai iliyopita, msimu wa baridi kali ya bara, mtu wa Pwani kama mimi alijikuta Endarasha amevaa koti juu ya koti na bado anatetemeka.

Jina la Endarasha wengi wetu tulilijua kwa msiba. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, na watoto 21 wakafariki. Nchi nzima iliomboleza siku tatu. Wenyeji bado wanazungumza habari hiyo kwa sauti ya chini, na mgeni mwenye adabu haulizi sana. Mimi sikwenda kwa sababu hiyo. Nilikwenda kuwaona jamaa zangu, na nilichokikuta ni jambo ambalo halitangazwi na redio yoyote, ingawa liko katika nyumba nyingi, huko na huku kwetu.

Mpwa wangu ana mtoto wa kiume wa miaka sita. Kwa hesabu ya ukoo ni mjukuu wangu, naye huniita babu ingawa hamsini sijaifika. Jioni ya kwanza nilimwita akiwa amenipa mgongo, anacheza karibu na jiko. Hakugeuka. Nikamwita tena, kimya. Nilipomgusa bega aligeuka akacheka, akanirukia. Mamake akasema, "Mjomba, huyo ni mkaidi tu. Hata mwalimu wake analalamika kwamba haambiliki."

Nilipomkumbatia nikasikia harufu. Kwenye sikio la kushoto palikuwa na pamba, na pamba ile ilikuwa imelowa usaha.

"Hili limeanza lini?"

"Lavuja toka kabla ya Ramadhani, Mjomba. Ni baridi ya huku. Likikauka, baada ya wiki mbili linarudi. Nilimnunulia matone dukani, na mama alinituma mafuta ya habasoda."

Toka kabla ya Ramadhani hadi Julai ni zaidi ya miezi minne. Mama huyu si mzembe. Mtoto ana chanjo zake zote, ana viatu, analishwa vizuri, na hakosi shule. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba sikio linalotoka usaha lina hesabu ya siku, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa imepita zamani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kimeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, hivyo majimaji hushuka. Kwa mtoto ni mfupi na umelala karibu sawa, kwa hiyo mafua yakiingia puani ni rahisi mrija uvimbe, uzibe, na vijidudu vipande hadi sikioni. Majimaji yakijaa mle ndani na kugeuka usaha, kiwambo husukumwa, na hapo ndipo maumivu makali ya usiku huanza.

Kwa hivyo mpwa wangu alikuwa na nusu ya ukweli aliposema ni baridi. Baridi yenyewe haitii usaha sikioni. Lakini msimu wa baridi huwafunga watu ndani, madirisha yakazibwa, jiko la kuni au makaa likawaka chumbani, na watoto wakalala wamebanana wakiambukizana mafua. Moshi, uwe wa kuni au wa sigara, huwasha njia ya pua na koo na kumfanya mtoto augue masikio mara nyingi zaidi. Endarasha hilo huwa Julai. Kwetu huwa wakati wa mvua na kusi, katika nyumba ya chumba kimoja Kisauni au Likoni, na moshi ni ule ule. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama hupata kinga zaidi. Anayepewa chupa akiwa amelala chali huwa hatarini zaidi.

Dalili hubadilika na umri. Mtoto anayejua kusema atakwambia, "Sikio laniuma." Mchanga hawezi. Yeye hulia bila kubembelezeka, hasa akilazwa, hupata homa, hushika au huvuta sikio, na huanza kunyonya kisha huachia ziwa akilia, kwa sababu kunyonya na kumeza huzidisha maumivu. Baadhi hutapika au huharisha, na mzazi akadhani ni tumbo. Kushika sikio peke yake si ushahidi, kwani watoto hushika masikio wakiwa na usingizi. Lakini kushika sikio pamoja na homa, mafua na kilio cha usiku ni sababu ya kwenda zahanati kesho asubuhi.

Kisha kuna jambo linalotudanganya wengi. Mtoto amelia usiku kucha, alfajiri usaha unatoka, na ghafla maumivu yanakoma. Bibi anasema, "Alhamdulillahi, jipu limepasuka, amepona." Kilichopasuka ni kiwambo cha sikio. Maumivu yamekwisha kwa sababu usaha umepata njia. Mara nyingi tundu hilo hujiziba lenyewe ndani ya majuma kadhaa, kama ugonjwa umetibiwa na sikio likatunzwa kavu. Lisipotunzwa, tundu hubaki wazi, maji na uchafu huingia, na usaha hurudi kila mara. Huyo ndiye mtoto wa mpwa wangu.

Wahudumu wa afya wana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kutibu magonjwa ya watoto katika vituo vidogo, ambao Kenya huutumia. Kwenye masikio mwongozo huo ni mwepesi kiasi kwamba kila mzazi anaweza kuujua. Mhudumu anauliza: kuna maumivu? Kuna usaha? Umetoka kwa siku ngapi? Kisha anatazama sikio na kugusa mfupa ulio nyuma yake.

Kama kuna maumivu, au usaha umetoka kwa muda usiofika siku 14, hayo ni maambukizi mapya. Mtoto hupewa dawa ya kuua bakteria, kwa kawaida amoksilini kwa siku 5, na parasetamoli ya maumivu. Kama kuna usaha, sikio hukaushwa. Baada ya siku 5 anarudi kutazamwa.

Kama usaha umetoka kwa siku 14 au zaidi, hayo ni maambukizi sugu, na tiba hubadilika. Hapa vidonge na dawa za maji za kunywa si tegemeo tena. Sikio hukaushwa kila siku, kisha hutiwa matone maalumu ya jamii ya kwinoloni, kama siprofloksasini, kwa wiki 2. Ndiyo maana mama anayenunua amoksilini ile ile mara ya tatu dukani anapoteza pesa, na anawafundisha bakteria kuizoea dawa.

Kama kuna uvimbe unaouma nyuma ya sikio, hapo hapangojwi. Usaha unaweza kuwa umeingia kwenye mfupa, na mfupa huo uko jirani na ubongo. Mtoto hupewa dozi ya kwanza pale pale na kukimbizwa hospitali. Vivyo hivyo akiwa na shingo ngumu, degedege, usingizi usio wa kawaida, kutapika kila kitu, au uso uliopinda upande mmoja. Na mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye usaha sikioni apelekwe siku hiyo hiyo.

Kukausha sikio ni kazi ya nyumbani na haihitaji mtambo. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, ukisokote kiwe kama utambi wa taa. Kiingize taratibu sikioni, ungoje kilowe, ukitoe, utie kingine kikavu, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na matone yatiwe baada ya kukausha, kwani yakitiwa juu ya usaha hayafiki panapouma. Usitumie njiti ya kibiriti wala kijiti cha pamba, na usiache pamba imeziba sikio kutwa, kwa sababu hufungia unyevu ndani. Mtoto asiogelee mpaka apone, na anapooga maji yasiingie sikioni.

Sasa niseme na watu wangu wa Pwani. Kila nyumba ina dawa yake ya sikio: mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, habasoda, maji ya kitunguu, maziwa ya mama. Siwabezi wazee wetu, walitibu kwa walichokuwa nacho. Lakini waliona sikio la nje tu, hawakuwa na taa ya kuona kama kiwambo kina tundu. Penye tundu, unachokitia hakibaki nje, kinashuka hadi sikio la kati. Mafuta ya moto huunguza, na vingine hulisha vijidudu. Hata matone ya dukani si yote yanayofaa sikio lililotoboka, mengine yanaweza kudhuru usikivu wenyewe. Mtume (S.A.W.) ametufunza kutafuta tiba, na kutafuta ni pamoja na kumuuliza anayejua. Habasoda ina mahali pake, na mahali pake si ndani ya sikio la mtoto linalovuja.

Hadi hapa ningeweza kumaliza kwa kuwalaumu akina mama. Lakini kesho yake nilifuatana na mpwa wangu hadi kituo cha afya, ambacho sitakitaja jina, na nikaona upande wa pili. Afisa wa kliniki alikuwa kijana mwenye subira. Alimulika sikio, akauliza siku, akagusa nyuma ya sikio, akatuonyesha namna ya kusokota utambi. Kila kitu sawasawa na mwongozo. Kisha akaandika matone na kusema, "Haya hatuna. Mtayanunua mjini." Amoksilini ilikuwepo, parasetamoli ilikuwepo. Dawa moja iliyohitajiwa na mtoto huyu ndiyo haikuwepo.

Nyeri si kaunti ngeni kwa ahadi za afya. Desemba 2018, serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote, ilichagua kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Baadaye majaribio yakaisha. Oktoba 2023 sheria mpya za afya zikatiwa saini, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Chini ya mpango huu, zahanati na vituo vya afya hulipwa na hazina ya afya ya msingi, na mgonjwa aliyejisajili hatakiwi kulipa hata kama hajatoa mchango. Kwa sikio la mtoto, hii ndiyo habari njema kuliko zote, na wengi hawaijui. Mzazi asiyekuwa na shilingi anaweza kumpeleka mtoto siku ya kwanza ya maumivu. Kama hujajisajili wewe na watoto wako, ukisusia kwa sababu ya siasa, anayeumia si mwanasiasa.

Lakini mpango huu una ufa katikati. Mtoto ambaye usaha haukauki baada ya matone, au asiyesikia vizuri, anahitaji mtaalamu wa masikio, pua na koo, na huyo hapatikani kwenye zahanati. Yuko hospitali kubwa. Huko hulipa mfuko wa bima, na bima hutaka mchango. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na wengi hupimwa na mtambo ukawaambia walipe zaidi ya hapo. Mnunuzi wa viazi, mvuvi wa Kipini, mama mkaanga mahamri wa Majengo, hawa hawapokei pesa kwa mwaka, wanapokea kwa siku. Serikali imeleta mpango wa kulipa kidogo kidogo, nao ni mkopo. Basi ngazi ya kwanza ni bure lakini matone hayapo, na ngazi ya pili ina mtaalamu lakini mlangoni kuna bili ya mwaka. Mtoto huanguka kati ya ngazi hizo mbili, na anguko lenyewe halina kishindo. Hafi. Anaacha kusikia.

Suluhisho la ngazi ya kwanza si ghali. Kaunti ndizo zinazoagiza dawa za zahanati. Matone ya sikio yakiingizwa katika kila oda pamoja na amoksilini, na kituo kikawa na taa ya kutazamia masikio inayofanya kazi, watoto wengi wangemalizia tiba pale pale kijijini. Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti hupenda kuuliza juu ya majengo na magari ya wagonjwa. Waulize pia: zahanati ngapi za wadi yangu zina matone ya sikio leo?

Pili, tunao wahudumu wa afya wa jamii. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua jeshi la wahudumu 100,000 hivi, wenye mikoba ya vifaa, wanaotembea nyumba hadi nyumba kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Mhudumu huyo akiongeza swali moja, "Kuna mtoto anayetoka usaha sikioni, na ni siku ngapi sasa?", atawapata wengi kabla ya siku ya 14. Bila shaka posho yake nayo ifike kwa wakati. Mtu asiyelipwa haulizi maswali ya ziada.

Tatu ni chanjo, na hapa Pwani tuna fahari yetu. Mojawapo ya bakteria wakuu wa maambukizi ya sikio, nyumonia na homa ya uti wa mgongo ni numokoka. Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi yake mwaka 2011, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Watafiti wa KEMRI na Wellcome walioko Kilifi walifuatilia matokeo kwa miaka, wakakuta magonjwa mabaya ya aina zilizomo ndani ya chanjo yamepungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Hesabu hiyo ni ya bakteria kuingia damuni au kwenye ubongo, si ya masikio, na chanjo haizuii kila sikio kuuma. Lakini ni damu ya watoto wa Kilifi iliyothibitisha kwamba chanjo hii inafanya kazi Afrika. Sasa shirika la Gavi, linalotusaidia kununua chanjo, linaelekea kutuachia mzigo mwishoni mwa muongo huu, na Juni 2025 Marekani ilitangaza kwamba haitalichangia tena. Hilo si jambo la mbali. Ni la bajeti itakayosomwa Nairobi, na wabunge wetu wa Pwani watapiga kura.

Nne ni shule na chuo. Mtoto mwenye majimaji sikioni husikia kama aliye chini ya maji. Mwalimu humwona mtundu, ustadhi humwona mzito wa kuhifadhi. Anaposoma sini penye shini, tujiulize kwanza kama amezisikia. Kabla ya kiboko, mwite kutoka nyuma kwa sauti ya kawaida. Mtoto anayeomba kurudiwa kila mara, anayetazama midomo ya anayesema, au anayeongeza sauti ya televisheni, apelekwe kupimwa. Tangu mwaka 1984 Wizara ya Elimu ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na hupima usikivu. Na ikithibitika kwamba usikivu umepotea kabisa, mtoto si wa kufichwa. Shule za viziwi za Ziwani hapa Mombasa na Kibarani kule Kilifi zipo kwa ajili yake.

Mpwa wangu alinunua matone mjini. Alisokota utambi mara 3 kwa siku kwa wiki 2, jambo gumu kwa mama mwenye kazi na mtoto asiyetulia. Usaha ulikauka. Kiwambo bado kina tundu dogo, na wanangoja siku ya kuonana na mtaalamu, baada ya mume wake kuuza mzigo wa viazi na kulipa ile bili ya mwaka. Mwalimu ameambiwa, na mtoto amehamishwa dawati la mbele. Wiki iliyopita mamake alinipigia simu.

"Shikamoo, Mjomba. Leo nimemwita yuko uani, akaitika."

"Marahaba, mwanangu. Mwite tena kesho, na keshokutwa."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio ya watoto wetu si ya kufa. Yanasikia dawa, tena upesi, zikifika ndani ya siku zake. Leo usiku, mtoto akilala, sogea karibu unuse sikio lake. Ukisikia harufu, anza kuhesabu siku.